Nani Aliamuru Kufyeka? Historia ya Jembe na Umuhoro Kigali

Kigali hupata misimu miwili ya mvua kwa mwaka: itumba, yaani masika, kuanzia Machi hadi Mei, na umuhindo, yaani vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba. Kila mvua zikikatika, majani huwa yamefika magotini kandokando ya barabara, kwenye kingo za mitaro na katika viwanja visivyojengwa. Tangu Mjerumani Richard Kandt alipoweka hapa makao yake ya utawala mwaka 1907, mji huu wa vilima umefyekwa kwa mikono. Ukiifuata kazi hiyo kizazi hadi kizazi, unakutana na historia ya Rwanda nzima, kwa sababu swali lake zito ni nani anaamuru na jasho linamfaidi nani.

Zana zenyewe hazijabadilika sana. Ya kwanza ni isuka, jembe la mkono. Ya pili ni umuhoro, bapa la chuma lililopinda mbele kama mdomo wa tai, likachomekwa kwenye mpini wa mti. Mfyekaji hunasa shina kwa ule mpindo, akavuta kuelekea kwake, na kichaka kikakatika bila yeye kuinama sana. Panga la kiwandani na fyekeo vilikuja baadaye kwa njia ya biashara.

Kila zana ina mahali pake. Kwenye mteremko mkali majani hufyekwa, hayang'olewi, ili mizizi iendelee kushika udongo mvua itakaporudi. Shambani mambo ni kinyume. Urwiri, ile nyasi inayotambaa chini kwa chini, ukiikatakata kwa jembe umeizidisha, maana kila kipande huchipua upya. Dawa yake ni kutifua udongo, kuokota mizizi kwa vidole, kuikung'uta na kuianika juani hadi ikauke kabisa. Ni kazi ya subira, na mikono mingi huirahisisha. Ndiyo maana majirani walikuwa na ubudehe, kulimiana mashamba kwa zamu: leo kwako, kesho kwangu.

Chuma kilikuwa na heshima yake. Uhunzi katika eneo hili una zaidi ya miaka 2,000. Mwanaakiolojia Francis Van Noten alipolichimbua kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, alikuta nyundo za chuma miongoni mwa vitu alivyozikwa navyo. Jembe lilitolewa kama mahari, na likapelekwa kwa watawala kama kodi.

Hapo ndipo ujirani ulipokutana na mamlaka. Chini ya Kigeli IV Rwabugiri, aliyetawala hadi 1895, ulienea uburetwa: kazi ya lazima kwa chifu, malipo ya kuruhusiwa kuishi na kulima kwenye ardhi. Mwanasayansi wa siasa Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988 kuhusu Kinyaga, eneo la kusini-magharibi mwa Rwanda, alionyesha jinsi mzigo huo ulivyowaelemea wakulima wa Kihutu na kupanua ufa kati yao na Watutsi. Wabelgiji, waliotawala baada ya Wajerumani, hawakuuziba ufa huo. Waliongeza shokoa yao wenyewe, iliyoitwa akazi: kufungua barabara, kupanda kahawa, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, na fimbo kwa aliyechelewa. Wanaume wengi walivuka mpaka kwenda Uganda kutafuta kazi yenye ujira.

Baada ya uhuru, amri ilibadilisha sura. Tarehe 2 Februari 1974 Rais Juvénal Habyarimana aliufanya umuganda, desturi ya kuitana kusaidiana, kuwa mpango rasmi wa serikali, siku moja kila wiki. Nchi jirani ya Zaire nayo ilikuwa na salongo, kazi ya umma ya lazima chini ya Mobutu. Miti ilipandwa, mitaro ikachimbwa, vichaka vikafyekwa. Lakini mwaliko wa jirani ulikuwa umegeuka agizo la chama tawala na dola, na asiyefika aliadhibiwa.

Mwaka 1994 mazoea hayo yalitumiwa kwa ukatili usio na kifani. Waliopanga mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi waliiteka lugha ya shamba: kuua kuliitwa kazi, kukaitwa kufyeka vichaka, kuua watoto kukaitwa kung'oa magugu na mizizi yake. Ripoti ya Alison Des Forges, iliyotolewa na Human Rights Watch mwaka 1999, inaonyesha kwamba kati ya Januari 1993 na Machi 1994 Rwanda iliingiza tani 581 za mapanga. Katika kumbukumbu ya Gisozi, hapa Kigali peke yake, wamezikwa watu zaidi ya 250,000. Panga ni chuma tu. Kilichoua ni chuki iliyopandwa kwa miaka mingi, pamoja na mazoea ya kuitikia wito bila kuuliza kinachofyekwa ni nini.

Umuganda ulirejeshwa mwaka 1998, na sheria ya mwaka 2007 ikaupa utaratibu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi, kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 18 hadi 65. Kuanzia 2005, waliohukumiwa kwa mauaji hayo na gacaca, mahakama za kijamii, nao walishika majembe katika TIG, kazi za manufaa ya umma, wakitengeneza matuta na barabara katika nchi waliyoibomoa.

Tofauti kubwa ya umuganda wa leo huonekana majani yakishakusanywa, wakazi wa umudugudu, yaani kitongoji, wanapoketi kikao. Hujadili usalama, maji, watoto walioacha shule, nyumba ya mjane inayovuja. Naamini kikao hicho kina uzito zaidi kuliko barabara iliyosafishwa, kwa sababu aliyeshika jembe anapata nafasi ya kuuliza. Kikibaki kikao cha kusomewa matangazo tu, kazi itarudi kuwa agizo, na tumeshaona agizo lisilohojiwa linafika wapi.

Sasa mashine za petroli za kukatia majani zinanguruma kwenye barabara kuu za Kigali, na umuhoro uliochakaa unauzwa kama chuma chakavu. Makumbusho ya Huye yanahifadhi zana za kilimo cha zamani. Yakusanye pia zana za mijini za miaka hii, pamoja na ushuhuda wa waliozishika: waliitwa na nani, walifyeka wapi, na kama waliweza kukataa. Kizazi kisichoyajua majibu hayo kitaiona Kigali safi bila kujua usafi huo umelipiwa nini.