Kadi ya Grafiki Isiyo na Feni: Kelele Ilitoka Wapi, na Imeondokaje?

Wengi tunadhani kadi ya grafiki ni kitu cha wacheza gemu tu. Kumbe ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Kwa kijana wa Namswea anayehariri video za harusi, hicho ni kifaa cha kazi. Shida ni feni yake: inapiga kelele, inavuta vumbi la kiangazi, na ikikwama kadi inachemka. Kupata feni ya kufanana nayo ni safari. Sasa basi, feni ni lazima? Tuulize historia.

Mwaka 1996, kadi ya Voodoo ya kampuni ya 3dfx ilitoka bila feni kabisa. Hewa ya kawaida ilitosha kuipoza. Kisha yakaja mashindano ya kasi, na kasi ilililipiwa kwa umeme. Umeme wote unaoingia kwenye chipu huishia kuwa joto, kwa hiyo wati zikipanda, joto nalo linapanda. Mwaka 2003 NVIDIA ilitoa GeForce FX 5800 Ultra, ambayo feni yake ilivuma hadi watu wakaifananisha na mashine ya kufyonzea vumbi. NVIDIA wenyewe walitengeneza video ya kujitania! Mwaka 2010, GTX 480 ilifikia wati 250.

Mgeuko ulikuja Februari 2014. GTX 750 Ti ilihitaji wati 60 tu, kwa sababu chipu yenyewe ilisanifiwa upya ili ifanye kazi nyingi kwa umeme mdogo. Palit wakaona mwanya, wakaitoa bila feni kwa jina la KalmX. Baadaye wakafanya hivyo kwa GTX 1650, na kwa RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024 ikiwa na wati 70. Yaani ukimya haukuletwa na feni bora. Uliletwa na chipu isiyotumia umeme ovyo.

Kadi hizo zinapoaje? Zina mapezi mengi ya alumini na mirija ya shaba yenye kimiminika kidogo ndani. Kimiminika kinageuka mvuke penye joto, kinasafiri, kinapoa kwenye mapezi, kisha kinarudi. Hewa iliyopashwa moto inapanda yenyewe na ya baridi inachukua nafasi yake. Ndiyo maana mahali ulipo pana maana: kadi ileile itapoa vizuri zaidi kwenye baridi ya Julai ya milima ya Umatengo kuliko kwenye joto la Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa.

Kwa hiyo, ukienda kununua, angalia mambo matatu. Kwanza, wati zisizidi 75, kiasi ambacho bodi mama inaweza kutoa bila waya wa ziada. Anayetumia sola atashukuru zaidi. Pili, pima nafasi ndani ya kasha (lile ambalo mtaani tunaliita CPU), maana mapezi ni manene. Tatu, kasha liwe na matundu juu, na usilifungie kabatini.

Vumbi bado litatua kwenye mapezi, kwa hiyo lisafishe mara kwa mara kompyuta ikiwa imezimwa. Na kama kazi yako ni gemu nzito kutwa nzima, chukua yenye feni. Kwa kazi za kawaida za nyumbani, wati 75 zinatosha, na usiku watoto watalala.