Kiti cha Kadhi katika Pwani ya Kenya

Ndugu msomaji, huenda wadhani kuwa mahakama ya kadhi iliyopo Kenya ni zawadi ya wakoloni. Sivyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, alimkuta kadhi akikata mashauri ya sheria ya dini, na mashauri mengine yakikatwa na baraza la mawaziri na maamiri.

Zama za Masultani wa Zanzibar, miji kama Mombasa na Lamu ilikuwa na makadhi na maliwali wake. Mwaka 1895 Sultani aliwaachia Waingereza uendeshaji wa ukanda wa pwani wa maili kumi. Kanuni za mwaka 1897 zilizitambua mahakama za liwali, mudiri na kadhi, lakini juu yao wakakaa mahakimu wa Kiingereza, na jinai zikahukumiwa kwa sheria zilizotoka Bara Hindi. Kadhi akabakiwa na ndoa, talaka na mirathi.

Hata hivyo kiti hakikupoteza heshima yake, kwani walikikalia wanazuoni mfano wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu tangu mwaka 1937 hadi kufa kwake mwaka 1947.

Uhuru ulipokaribia, Waislamu wa pwani waliingiwa na wasiwasi. Basi katika mapatano ya Oktoba 1963, Jomo Kenyatta alimuahidi Mohamed Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, kwamba mamlaka ya kadhi yatahifadhiwa. Ahadi hiyo iliingizwa katika katiba, na sheria ya mwaka 1967 ikaweka utaratibu wa mahakama hizo hata huko bara. Ubishi ulizuka tena kabla ya kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010, lakini katiba mpya ikazithibitisha katika ibara ya 170.

Je, msomaji, yatosha hayo? Katiba yaweza kuulinda mlango wa mahakama, lakini haiwezi kuulinda moyo wa anayeingia. Suratun Nisaa imeyataja mafungu ya warithi waziwazi. Ami akificha hati ya shamba la marehemu ndugu yake, kadhi atagawa nini? Shahidi akinyamaza kwa kuwaonea haya jamaa zake, mayatima watapata wapi haki yao?

Wazee wetu walikipigania kiti hiki kwa mikataba. Sisi tumebakiwa na kazi iliyo ngumu zaidi, nayo ni kusema kweli mbele yake.