Mzizi wa Gurudumu: Nasaba ya Neno na Nasaba ya Lugha

Katika Kiswahili cha leo mna maneno manne ambayo, kwa mtazamo wa juujuu, hayana undugu wowote: cherehani, baiskeli, wilibaro na koloni. La kwanza ni la fundi wa nguo, la pili ni la msafiri, la tatu ni la mjenzi, na la nne ni la mwanasiasa. Hata hivyo yote manne yanarejea kwenye mzizi mmoja ambao wanaisimu huuandika *kʷel-, wenye maana ya kuzunguka au kugeuka, katika lugha iitwayo Kihindi-Ulaya Asilia. Makala haya yananuia kuifuata safari ya mzizi huo, kisha kuuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito. Ikiwa Kiswahili kina wajukuu wanne wa mzizi huu, mbona hatusemi kwamba ni lugha ya Kihindi-Ulaya? Jibu laonekana jepesi. Lakini jibu hilohilo, likihitajika kuhusu maneno ya Kiarabu, huwashinda wengi.

Lugha hiyo asilia haikuandikwa popote. Nyota iliyo mbele ya mzizi ni ungamo la jambo hilo: umbo hili halikupatikana katika maandishi, bali limeundwa upya kwa kulinganisha lugha zilizolirithi. Tarehe 2 Februari 1786, mjini Calcutta, hakimu William Jones aliwaambia wanachama wa Asiatic Society kwamba Kisanskriti, Kiyunani na Kilatini zinafanana kupita kiasi cha bahati, na kwamba huenda zilitoka katika chimbuko moja ambalo pengine halipo tena. Wazo hilo lilikuwa zuri, ila halikuwa bado elimu. Elimu ilianza pale Rasmus Rask mwaka 1818, na Jacob Grimm mwaka 1822, walipoonyesha kwamba tofauti za sauti baina ya lugha hizo zina utaratibu. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Kufanana kwa maneno mawili matatu hakuthibitishi kitu; kinachothibitisha ni tofauti zinazojirudia kwa kanuni, neno baada ya neno. August Schleicher, aliyeieneza nyota hiyo, alithubutu mwaka 1868 kutunga hekaya fupi ya kondoo na farasi kwa lugha asilia yenyewe. Tangu hapo hekaya hiyo imeandikwa upya mara nyingi, kila mtaalamu akizirekebisha sauti kufuatana na ujuzi wa wakati wake, hata kondoo wa leo asingeelewana na yule wa 1868.

Sasa tulitazame gurudumu lenyewe. Sauti *kʷ ni k inayotamkwa huku midomo ikiviringwa. Kutokana na *kʷel- liliundwa jina kwa uradidi, *kʷekʷlos, yaani kitu kizungukacho na kuzunguka tena, mfano wa sisi tusemavyo "zungukazunguka". Katika tawi la Kihindi-Kiajemi *kʷ ilipoteza mviringo wa midomo ikawa k. Kisha k iliyotangulia e ikasogea kwenye kaakaa gumu ikawa ch. Hatimaye e yenyewe ikageuka a, na l ikawa r. Ndiyo sababu Kisanskriti kina cakra, ambapo c hutamkwa kama ch yetu. Ch ya mwanzo inashuhudia kwamba hapo zamani palikuwa na e, ingawa e hiyo imekwisha kutoweka. Kanuni hii ilifumbuliwa katika miaka ya 1870 na wataalamu kadhaa, kila mmoja kwa njia yake, nami sijui ushahidi mzuri kuushinda huu katika isimu historia nzima: sauti iliyokufa imeacha unyayo wake kwenye sauti jirani. Katika Kiavesta k ya pili ikawa kh, na katika Kiajemi cha baadaye kh na r zikabadilishana nafasi. Neno likawa charkh. Biashara ya Bahari ya Hindi ikalileta kwetu, tukapata cherehe, lile jiwe la kunolea lizungukalo, na cherehani ya fundi.

Kiyunani kilikuwa na njia yake. Karibu na u sauti *kʷ ilibaki k, nasi tunapata kyklos, "duara, gurudumu"; bali mbele ya o sauti hiyohiyo ikawa p, kama katika polos, "mhimili". Mtu asiyejua kanuni hiyo angeapa kwamba kyklos na polos hayajuani. Katika lugha za Kijerumani *kʷ ilifuata kanuni ya Grimm ikawa hw, na Kiingereza cha kale kikawa na hweol na hweogol, ambayo leo ni wheel. Kwa hiyo Kiingereza kimetukopesha neno hilohilo mara mbili. Katika wilibaro limekuja kwa urithi wa Kiingereza chenyewe; katika baiskeli limekuja kwa jina lililobuniwa katika karne ya 19 kwa kuunganisha kiambishi cha Kilatini na kyklos ya Kiyunani. Hata Kitokaria, lugha ya miswada iliyofukuliwa katika majangwa ya magharibi ya China, na ambayo Sieg na Siegling waliitambua mwaka 1908 kuwa ya jamii hii, kina kukäl na kokale kwa maana ya gari la kukokotwa.

Neno kama hili humpa mwanahistoria tarehe. Watu hawawezi kuwa na jina la gurudumu kabla ya kuliona gurudumu, na dalili za mwanzo za magari ya kukokotwa, kama mchoro ulio juu ya chungu cha Bronocice huko Poland, ni za mnamo 3500 K.K. Colin Renfrew, ambaye mwaka 1987 alitaka lugha hiyo iwe ya wakulima wa kwanza wa Anatolia, maelfu ya miaka kabla ya hapo, ilimbidi autilie shaka ushahidi wa namna hii. Uchunguzi wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha uhamaji mkubwa wa watu kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi kuingia Ulaya katika milenia ya tatu K.K., jambo linaloafikiana zaidi na gurudumu kuliko na Renfrew. Hata hivyo Kihiti, kilichofumbuliwa na Bedřich Hrozný mwaka 1915, hakikutumia neno letu. Gurudumu huko liliitwa hurki. Wengi huona hapo dalili mojawapo kwamba tawi hilo lilijitenga mapema.

Koloni lina safari ya aina nyingine, kwa kuwa kilichogeuka zaidi humo ni maana. Kitenzi cha Kilatini colere kinatokana na *kʷel-: kuzungukia mahali, kisha kukaa mahali, kisha kulima mahali. Mviringo wa midomo ulipotea mbele ya o, ila umehifadhiwa katika inquilinus, "mpangaji", neno la ukoo huohuo. Kutokana na colere Warumi walipata colonus, mkulima, na colonia, makao ya walowezi katika nchi iliyotekwa. Kenya ilipotangazwa koloni mwaka 1920, neno lilikuwa limerudi karibu kabisa na maana ya Kirumi: walowezi na mashamba. Kwenye colere pia ndiko Wazungu walikopata neno lao la utamaduni. Sisi tulilichukua letu kutoka Kiarabu, ambako limefungamana na mji, si na shamba. Aidha wengi hulihusisha neno Mzungu na kuzunguka. Basi mzungukaji na mkoloni wamekutana kimaana, pasipo undugu wowote wa sauti. Huo ni mchezo mzuri wa bahati, nao si ushahidi.

Ushahidi tunao hapahapa nyumbani. Carl Meinhof alipotoa mwaka 1899 kitabu chake cha fonolojia ya lugha za Kibantu, aliitumia mbinu ileile iliyokuwa imekomazwa kwa Kisanskriti na Kiyunani. Chukua Kiswahili na Kigikuyu: mbuzi kwa mbũri, zimu kwa irimũ, -zito kwa -ritũ. Z ya Kiswahili inalingana na r ya Kigikuyu, nasi twaweza kuunda upya *d iliyofuatwa na i katika Kibantu Asilia, kama *-bʊ́dì, mnyama ambaye bila shaka wazee wetu walimfuga. Sasa tazama meza kwa metha, Mzungu kwa Mũthũngũ. Hapa z hailingani na r bali na th. Maneno haya hayakurithiwa pamoja. Kigikuyu kiliyapokea kutoka Kiswahili baada ya lugha hizi mbili kwisha kuachana, na sikio la Mgikuyu likaisikia z ya Kiswahili kwa th yake. Meza nayo Kiswahili kiliipata kwa Wareno. Tofauti ya konsonanti moja yatosha kumtenga mtoto wa kuzaliwa na mtoto wa kupanga.

Hivi ndivyo yapasa kulijibu swali la Kiswahili na Kiarabu. Kuhesabu maneno ya mkopo, hata yawe maelfu, ni kuhesabu mizigo bandarini. Hakutuambii chombo kilijengwa wapi. Kiingereza kimejaa Kifaransa na Kilatini kupita nusu ya msamiati wake, wala hakuna mtaalamu akitoaye katika kundi la Kijerumani. Sauti za Kiswahili zilizorithiwa hulingana kwa kanuni na zile za Kimijikenda, Kipokomo, Kiilwana na Kikomoro, kama Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyoonyesha kwa urefu mwaka 1993 katika kitabu chao juu ya lugha za Kisabaki. Hakuna kanuni kama hizo zinazokiunganisha Kiswahili na Kiarabu, kama ambavyo hakuna zinazoiunganisha cherehani na mzizi wowote wa Kibantu.

Lililobaki ni kazi ya kamusi. Kwa desturi, kitomeo cha neno la mkopo hutaja lugha ya mwisho tu: cherehani ni ya Kiajemi, baiskeli na koloni ni za Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa shule hilo latosha. Kwa idara zetu halitoshi, maana lugha ya mwisho ni bandari ya mwisho tu, na msomaji wa kamusi hana njia ya kujua kwamba mashine ya fundi na ukoloni wa 1920 zilianza safari katika kitenzi kimoja.