CAO CAO AMEFIKA TANDIKA

Ndugu msikilizaji, mtoto yeyote wa Tandika, Mbagala au Manzese atakuambia kwamba katika picha steringi hafi. Jambazi anafyatua risasi mia, zote zinapita pembeni. Steringi anafyatua moja tu, jambazi chali. Hiyo ndiyo kanuni ya kibanda umiza, na hakuna anayeihoji. Leo nataka tuihoji kidogo, kwa sababu ziko picha zinazokuja kwetu zikiwa zimevaa joho la historia. Na katika historia, ndugu zangu, steringi hufa. Tena mara nyingine hufa kwa maradhi kitandani, hata upanga haujamgusa.

Picha ninayoizungumzia ni ya Kichina, inayojulikana duniani kwa jina la Red Cliff, yaani Jabali Jekundu. Iliongozwa na John Woo, ikatoka nchini China kwa sehemu mbili, ya kwanza Julai 2008 na ya pili Januari 2009. Ukiziunganisha zinapita saa nne. Mimi niliiangalia Jumamosi moja katika kibanda cha Tandika, wilayani Temeke, juu ya benchi la mbao, feni ikizungusha joto lile lile. Watoto walikaa chini mbele, vijana wa bodaboda walisimama nyuma. Na hatukuisikiliza kwa Kichina. Tuliisikiliza kwa sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, ambaye kwake yule mshauri Zhuge Liang alikuwa “Fundi wa Mahesabu”, na Cao Cao, bwana wa majeshi ya kaskazini, alikuwa “Tajiri Asiyetosheka”. Kila Cao Cao alipopata hasara, kibanda kizima kilishangilia.

Wakati wa mapumziko nilizungumza na kijana wa kidato cha tatu aliyekaa jirani yangu. Alinitajia majemadari sita wa picha ile bila kukosea, na nani alikuwa upande wa nani. Nikamuuliza: na Lugalo ni nini? Akanijibu bila kusita, “Ni hospitali ya jeshi, mzee. Ukitoka Mwenge unaipata.” Jibu lake lilikuwa sahihi. Lakini jina lile lilikuwa jina la vita kabla halijawa jina la hospitali, na hilo ndilo lililonifanya niandae mazungumzo haya.

Tuanze na Wachina wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya tatu utawala wa ukoo wa Han, uliodumu kwa takriban miaka mia nne, ulikuwa umebaki jina tu. Mfalme alikuwepo, lakini mwenye amri alikuwa Waziri Mkuu wake, Cao Cao. Mwaka 208 Cao Cao aliteremka kusini na jeshi kubwa ili aitie nchi yote mkononi. Waliompinga walikuwa wawili: Liu Bei, aliyekuwa akikimbia, na Sun Quan, aliyetawala ng’ambo ya Mto Yangtze. Cao Cao alijigamba kuwa ana askari 800,000. Zhou Yu, jemadari wa Sun Quan, alikadiria kuwa hawakufika hata theluthi ya hao. Hata hivyo, washirika wale wawili kwa pamoja walikuwa na watu wapatao 50,000.

Kilichomshinda Cao Cao kinaeleweka. Askari wake walikuwa watu wa bara, hawakuzoea maji. Maradhi yaliingia kambini. Merikebu zake zilisogezwa zikagusana. Ndipo Huang Gai, mmoja wa maofisa wa Zhou Yu, akajifanya anasalimu amri, akasogea na vyombo vilivyojaa kuni na mafuta, akavitia moto upepo ukielekea kwa adui. Jeshi la kaskazini likateketea majini na kambini. Baadaye China ikagawanyika kuwa dola tatu, na haikuungana tena hadi mwaka 280.

Mashujaa wale je? Zhou Yu, steringi wa ile picha, alikufa kwa maradhi mwaka 210, miaka miwili tu baada ya ushindi wake. Liu Bei naye aliuguzwa akafa mwaka 223. Hakuna mmoja wao aliyeiona nchi ikiungana.

Haya tunayajua kwa sababu alikuwepo mtu aliyeitwa Chen Shou. Alizaliwa mwaka 233, miaka 25 tu baada ya vita ile, akaandika kumbukumbu za dola zote tatu. Hakuandika ili watu washangilie. Na wale waliokuja baada yake kuongeza maelezo walihifadhi hata maneno ya Cao Cao mwenyewe, aliyedai kwamba merikebu alizichoma yeye kwa sababu ya maradhi, na kwamba Zhou Yu alijipatia sifa ya bure. Unaweza usimwamini, maana aliyeshindwa hakosi sababu. Lakini neno lake lipo, limeandikwa, na msomaji anaweza kulipima.

Kitabu maarufu cha hadithi za vita ile ni kitu kingine. Kinahesabiwa kuwa kazi ya Luo Guanzhong, mtunzi wa karne ya 14, zaidi ya miaka 1,100 baada ya vita. Humo ndimo Zhuge Liang anapoomba dua na upepo ukageuka. Humo ndimo anapopeleka mashua zenye majani makavu karibu na adui, adui akazimiminia mishale, naye akarudi nayo nyumbani kama aliyetoka sokoni. Na humo ndimo Cao Cao anapotiwa weusi wa moyo hata msomaji akamchukia. Mwanahistoria mmoja wa Kichina wa karne ya 18, Zhang Xuecheng, alisema kitabu kile ni saba ukweli na tatu uzushi, na akalalamika kwamba huo mchanganyiko huwapotosha wasomaji.

Lakini Luo Guanzhong hakuzitoa hadithi zile mfukoni mwake. Alizikuta sokoni. Mshairi Su Shi, aliyeishi kati ya mwaka 1037 na 1101, aliacha maelezo ya watoto watukutu wa mitaani ambao wazazi, wakichoshwa nao, waliwapa senti waende kumsikiliza msimuliaji. Wakisikia Liu Bei ameshindwa walikunja nyuso, wengine wakatoa machozi. Wakisikia Cao Cao ameshindwa walipiga kelele za furaha. Hebu niambie, msikilizaji, kibanda kile na hiki cha Tandika vina tofauti gani, ukiondoa televisheni na feni?

Kwa hiyo nisidhaniwe kuwa nawabeza watafsiri wetu. Hapa Dar es Salaam alivuma Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, akizitia picha za kigeni maneno ya Kiswahili. Kenya yupo DJ Afro, Uganda wapo akina VJ Jingo. Hawa ni ndugu wa wale wasimuliaji wa sokoni alioandika habari zao Su Shi. Wachina nao wamekwisha kuona faida ya lugha yetu: mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia yao ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na tangu hapo nyingine nyingi zimefuata. Anayesimulia kwa lugha ya mtu huingia hadi jikoni kwake.

Wala tusidhani kwamba sisi hatukuwa na mtindo huu. Mwaka 1728, huko Pate, Mwengo bin Athumani aliutunga Utendi wa Tambuka, uitwao pia Chuo cha Herekali. Humo yamo mapigano makali kati ya Waislamu na jeshi la mfalme wa Rumi. Wanahistoria wanatuambia kwamba katika msafara wa Tabuk wa mwaka 630, jeshi la Rumi halikutokea na pigano kubwa halikuwepo. Je, Mwengo alisema uongo? La hasha. Alifanya kazi ya mtunzi, kama Luo Guanzhong, na waliomsikiliza walikuwa na vitabu vingine vya kuwaeleza habari zilivyokuwa.

Sasa turudi Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Iringa, Wahehe wa Mkwawa walivizia msafara wa jeshi la Wajerumani uliokuwa na bunduki za kisasa na mizinga, wakauvunja. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa pale pale pamoja na mamia ya askari wake. Wajerumani walirudi kulipiza, wakaiteka ngome ya Kalenga Oktoba 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua asikamatwe. Kichwa chake kilichukuliwa, kikatajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919, na fuvu likarudishwa Kalenga mwaka 1954. Niambie ni mtunzi gani wa sinema angeomba zaidi ya hapo. Na bado pale Lugalo mnara wa zamani uliojengwa ni wa kuwakumbuka Wajerumani waliokufa.

Au chukua Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Ebrahim Hussein alitutungia tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969, na kwa uungwana mkubwa akatuonya mwanzoni kwamba Kinjeketile wake ni wa jukwaani, si yule Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliyenyongwa Agosti 1905. Mtunzi aliweza kusema hivyo kwa sababu pembeni yake wapo waliokuwa wakifanya kazi ya Chen Shou. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee walioiona vita ile kwa macho yao. Leo hakuna hata mmoja wa wazee hao aliye hai. Kama wangechelewa miaka ishirini tu, tungebaki na taarifa za maofisa wa Kijerumani peke yake, yaani na barua ya Cao Cao bila kitabu cha Chen Shou.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wachina wanaweza kucheza na vita vyao watakavyo, wakageuza upepo kwa dua, kwa sababu kumbukumbu iko kabatini na anayetaka kuhakikisha ataifungua. Asiye na kumbukumbu akianza na sinema, sinema ndiyo itakuwa historia yake, na haitakuwa na wa kuisahihisha. Sisi kumbukumbu tunazo, ila nyingi zimelala maktaba za chuo, zingine kwa lugha ambazo fundi cherehani wa Temeke hazisomi. Zichapwe kwa Kiswahili, kwa bei ya mtu wa kawaida. Kisha waachieni watunzi na watafsiri wa vibandani wafanye yao. Wampe Mkwawa jina la mtaani wakipenda, wamtie hata maneno ambayo hakuyasema. Watoto watashangilia Zelewski akianguka, kama walivyoshangilia Cao Cao. Na yule atakayeuliza kama ni kweli, awepo mwalimu au mzazi wa kumpa kitabu mkononi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wahenga. Cao Cao amefika Tandika, karibu sana. Ila mwenyeji naye awe na la kumsimulia mgeni wake.