Kokwa la embe si la kutupwa

Msimu wa embe ukifika, makokwa hutapakaa njiani kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Masika yakija, sisi hao twanunua miche. Mche waweza kuanzia uani kwako.

Usichelewe. Kokwa la embe si mahindi ya kuweka ghalani. Likikauka sana hufa. Lioshe, lianike kivulini siku moja au mbili, pasua ganda taratibu, kisha fukia mbegu ya ndani kwenye mfuko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza. Mwagilia bila kutuamisha maji. Huchipua baada ya wiki 2 hadi 4.

Mpapai ni mwepesi zaidi. Osha utelezi wa mbegu, zikaushe kivulini. Panda miche 3 kila shimo. Ikitoa maua, ng'oa midume, ubakishe mmoja tu kwa majike kama 10.

Lakini mti wa mbegu hauahidi tunda la mamaye. Kokwa la boribo laweza kukupa embe jingine kabisa, tena baada ya miaka 5 hadi 8. Mche ukifikia unene wa penseli, upandikizie kijiti cha mwembe unaoujua. Utazaa mapema zaidi.

Mwisho, tujuane kwenye ardhi. Kwetu Pwani, mti una mwenyewe hata shamba likiwa la mwingine. Kama huna hati, patana na mwenye kiwanja mbele ya mashahidi kabla ya kuchimba shimo. Mwembe huishi kuliko sisi; usiwaachie wajukuu ugomvi badala ya kivuli.