Mkono na Picha: Nasaba ya Adha Moja katika Uchoraji wa Nyumba kwa Kompyuta

Mtu anayechora ramani ya nyumba yake katika kompyuta, akisha kusimamisha kuta, akatia milango na madirisha, akapanga makochi sebuleni na kupanda miti uani, aghalabu hufikia hatua ambapo kazi iliyokuwa nyepesi asubuhi yageuka kuwa nzito: kishale chafuata mkono kwa kuchelewa, au chametameta, au chatoweka kabisa kifikapo juu ya mchoro ilhali juu ya menyu chaonekana vyema. Wengi hudhani ya kuwa kompyuta yao imezeeka, na wengine hujilaumu nafsi zao kwa kukosa ujuzi. Kumbe adha hiyo ina nasaba ndefu, nayo yaanzia siku za mwanzo za mwanadamu kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta.

Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika chuo cha MIT, Marekani, tasnifu yake ya udaktari juu ya programu aliyoiita Sketchpad, iliyotumia kompyuta ya TX-2 katika Maabara ya Lincoln. Mchoraji alishika kalamu yenye kihisi cha nuru, na kompyuta ikachora msalaba mdogo wa vitone chini ya ncha yake; kalamu ikahisi ni vitone vipi vilivyowaka mbele yake, na kompyuta, kwa kupiga hesabu ya vile vilivyoonekana na vile visivyoonekana, ikatambua mkono umeelekea upande gani, ikausogeza msalaba uufuate, kisha ikaanza tena. Kazi hiyo ya kuutafuta mkono haikuwa ya bure, kwa sababu kioo chenyewe hakikuwa na hifadhi ya kuikumbuka picha. Kila mstari ulikuwa safu ya vitone vilivyowashwa kimoja kimoja, na kitone cha mwisho kikisha kuwaka, cha kwanza kilikuwa kimekwisha kufifia na kudai kuwashwa upya. Basi kadiri mchoro ulivyokuwa mkubwa, ndivyo mzunguko ulivyorefuka na picha ikapepesa mbele ya macho, nao wasaa uliotumika kuufuata mkono ulikuwa wasaa ulionyang'anywa picha.

Sutherland alizitibu taabu mbili za mfumo huo kwa hekima ambayo hadi leo yastahili kutazamwa kwa heshima. Kupepesa alikupunguzia ukali kwa kuvichanganya vitone visiwashwe kwa mpangilio mmoja, hata picha ikawa yametameta kama anga la nyota badala ya kuzimika na kuwaka yote pamoja. Ama taabu ya pili, ya kalamu kwenda kasi hata msalaba ukaachwa nyuma, hiyo aliifanya kuwa amri: mchoraji akitaka kuumaliza mstari wake, na airushe kalamu kwa ghafla, na kompyuta, ikisha kuupoteza mkono, itafahamu kuwa mstari umekoma.

Kipanya, ambacho Douglas Engelbart na wenzake walikitengeneza kwa mbao mwaka 1964 na kukionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, kiliiondolea kompyuta mzigo wa kuutafuta mkono, maana magurudumu yake yenyewe yalileta habari za mwendo. Lakini alama iliyo kiooni ilibaki kuhitaji kuchorwa na kufutwa, na suluhisho safi la jambo hilo lilionekana katika kompyuta ya Alto, iliyoundwa na Xerox huko Palo Alto mwaka 1973. Humo kishale, chenye vitone 16 kwa 16, kiliwekwa mbali na picha, kikapachikwa juu yake wakati tu picha inapopelekwa kwenye kioo, hata kilicho chini yake kisiguswe wala kuharibika. Kwa maoni yangu, katika historia hii yote hakuna wazo lililosifiwa kidogo kuliko linavyostahili kama hili.

Kompyuta ndogo za mezani zilizofuata, katika miaka ya 1980, hazikuirithi neema hiyo. Programu ya uchoraji ya AutoCAD ilipotokea mwaka 1982, na baadaye kuingia katika ofisi za wasanifu majengo waliotumia IBM PC, alama yake ilikuwa mistari miwili iliyokatana kutoka ukingo hadi ukingo wa kioo, na njia iliyozoeleka ya kuchora alama kama hiyo ilikuwa kugeuza rangi ya kila kitone ilichopita, kisha kuigeuza mara ya pili ili kuifuta. Lau picha ingebadilika baina ya mara hizo mbili, mabaki ya alama yangesalia juu ya mchoro. Fauka ya hayo, vipimo vya nyumba vilihifadhiwa kwa namba zenye desimali, ambazo chipu kuu ya mashine hizo ilizihesabu kwa taabu pasipo msaada wa chipu ya pili, 8087, iliyonunuliwa kando. Kila mchoro ulipohitaji kuhesabiwa upya, mchoraji aliketi akisubiri.

Hapo ndipo mafundi wa fani hiyo walipojifunza kutofautisha kulizima tabaka la mchoro na kuligandisha. Tabaka lililozimwa halionekani, lakini kompyuta yaendelea kulihesabu. Lililogandishwa huachwa nje ya hesabu kabisa. Msanifu aliyekuwa akipanga kuta aliyagandisha matabaka ya samani, ya vipimo na ya maandishi, na mkono wake ukarudishiwa wepesi wake. Kadhalika duara liliruhusiwa kuonyeshwa kwa pande chache zilizonyooka, maadamu lingechapishwa likiwa duara kamili.

Programu zilizowafikia watu wa kawaida majumbani, kama SketchUp ya mwaka 2000 na Sweet Home 3D iliyotolewa mwaka 2006, ziliongeza umbo la vipimo vitatu, vivuli na rangi za mbao na vigae, na mzigo wa picha ukahamia kwenye kadi ya michoro. Kishale na mchoro vikawa tena katika matabaka mawili, kama vile Alto ilivyofundisha, ila sasa yakutanishwa na kiendeshi cha kadi, yaani programu inayoiongoza kadi hiyo. Na kiendeshi kikiwa cha zamani, au programu ikiwa imepewa kadi dhaifu katika kompyuta yenye kadi mbili, matabaka hayo hayapatani na kishale hupotea. Hali kadhalika kioo chenye vitone vingi sana, kikikuzwa na mfumo wa kompyuta ilhali programu haikuandikwa kwa ukuzaji huo, chaweza kukionyesha kishale kidogo mno, au pembeni ya mahali kinapobofya.

Kwa hiyo anayepatwa na adha hii na aanze kwa kuficha samani na kuzima vivuli, kwani kochi moja lililopakuliwa kutoka intaneti laweza kuundwa kwa pembetatu nyingi kuliko kuta zote za nyumba. Kishale kikirejea kuuwahi mkono, mzigo ulikuwa wa picha. Kikikawia au kupotea hata katika ramani tupu, basi kiendeshi cha kadi ndicho cha kusasishwa kwanza, kisha uchaguzi wa kadi, na mwisho kuzima usaidizi wa kadi katika mipangilio ya programu, ambako huifanya picha iende polepole lakini aghalabu humrudishia mchoraji kishale chake.