Bandika Bandua: Historia ya Karatasi Inayotangulia Msumeno

Kiswahili kina tabia moja ninayoipenda: kitenzi kikishafanya kazi yake, unakigeuza mkia na kazi yote inafumuka. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Bandika, bandua. Watu wa jikoni walisema bandika bandua kwa sufuria zinazofuatana motoni bila kupumzika, na sisi tukalichukua kwa kila kitu kisichoisha, kuanzia mikutano ya siasa hadi madeni ya simu. Lakini kuna mafundi ambao kwao maneno hayo ni kazi yenyewe. Unabandika karatasi yenye mchoro juu ya mbao, unakata ukifuata mstari, halafu unabandua. Historia ya hiyo karatasi haijaandikwa sana, na sababu ni rahisi: ushahidi huishia kwa takataka siku ileile kazi inapokamilika.

Msumeno ninaouzungumzia si ule wa kupasua magogo. Ni wembe mwembamba sana wenye meno madogo, umevutwa ukakazwa kwenye fremu ya chuma yenye umbo la U, au kwenye mashine inayoupandisha na kuushusha haraka huku wewe ukizungusha ubao kwa vidole. Unaweza kupiga kona kali palepale. Ukitaka tundu katikati ya ubao, unatoboa kwanza, unapitisha wembe kwenye tundu, unaufunga tena, unakata ndani kwa ndani. Hivyo ndivyo yanavyotoka majina ya watoto, ramani za Kenya za kutundika sebuleni, saa za ukutani zenye umbo la twiga. Mkono peke yake hauwezi kukumbuka mikunjo yote hiyo. Lazima kuwe na mstari, na mstari lazima ukae mahali.

Kwa Wafaransa, jina linalotajwa sana ni André-Charles Boulle, aliyezaliwa 1642 na kufa 1732, fundi wa samani wa mfalme Louis wa 14. Boulle alipanga tabaka za shaba nyembamba na magamba ya kasa, akaweka mchoro juu, akakata zote kwa pamoja. Kwa mpigo mmoja akapata maua ya shaba ya kuingia kwenye shimo la gamba, na maua ya gamba ya kuingia kwenye shimo la shaba. Hakuna kilichopotea ila karatasi. Na magamba hayo ya kasa, hasa ya ng'amba, ni bidhaa ambayo pwani yetu iliuza ng'ambo kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla Boulle hajazaliwa. Sisemi kabati la Versailles lina ng'amba wa Lamu. Nasema tu kwamba tukizungumzia ufundi wa Ulaya tusijifanye malighafi ilianguka kutoka mbinguni.

Halafu kuna John Spilsbury wa London. Miaka ya 1760 alibandika ramani kwenye ubao wa mahogani na kukata akifuata mipaka ya nchi, ili watoto wa matajiri wajifunze jiografia kwa kuunganisha vipande. Watu wengi humhesabu kama mwanzilishi wa biashara ya mafumbo ya vipande. Kwake yeye karatasi haikubanduliwa kabisa, ndiyo ilikuwa bidhaa. Mimi humfikiria Spilsbury kila nikisikia habari za mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Wale mabwana nao walikuwa na ramani na hamu ya kukata, ila walikuwa hawauzi mchezo.

Turudi kwa gundi, kwa sababu hapo ndipo akili yote ilipo. Gundi ya kawaida husifiwa kwa kushika milele. Gundi ya mchoro inatakiwa iwe na tabia mbili zinazopingana: ishike kama kupe wakati wembe unatikisa ubao, halafu iachie bila ugomvi. Kwa karne nyingi jibu lilikuwa uji wa unga wa ngano, au gundi ya kuchemsha iliyotokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Zote mbili huachia kwa maji ya uvuguvugu. Tatizo ni kwamba maji hayajui karatasi inaishia wapi. Yanapenya kwenye mbao, nyuzi zinavimba na kusimama kama nywele za mtu aliyeona nyoka, na sasa una kazi ya msasa ambayo hukuipangia.

Mwaka wa 1895 kule Uingereza lilianza jarida linaloitwa Hobbies, lililokuja kuwa maarufu kwa michoro ya kukata iliyotoka nalo. Vijana wa mijini, makarani, watoto wa shule, walibandika michoro hiyo kwenye mbao nyembamba na kukata fremu za picha na rafu za ukutani. Wengine walikataa kuharibu karatasi, wakanakili mchoro kwa kaboni. Hapo unaona watu wa aina mbili ambao wapo hadi leo: anayebandika kwa sababu mstari unakuwa mkali na wazi, na anayenakili kwa sababu anataka mchoro ubaki. Wa kwanza anapata kazi safi. Wa pili anapata kumbukumbu, pamoja na mstari uliopindapinda kidogo.

Mbao zilitoka wapi? Hapa ndipo Kericho inapoingia, na inaingia ikiwa imebeba boksi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, chai ilisafiri duniani ndani ya makasha ya plaiwudi. Mbao nyembamba za tabaka tatu, kingo za bati, ndani karatasi ya fedha kuzuia unyevu. Kampuni iliyojulikana sana kwa makasha hayo iliitwa Venesta, na plaiwudi yake ilitoka kiwanda cha Luther kule Estonia. Plaiwudi hiyo ilikuwa nyepesi na ngumu kiasi kwamba Ernest Shackleton aliibeba hadi Antaktika kwenye safari yake ya 1907 hadi 1909. Wenzake walichapisha kitabu hukohuko kwenye barafu mwaka wa 1908, Aurora Australis, na majalada wakayatengeneza kwa mbao za makasha ya chakula. Kwenye nakala zilizobaki bado unasoma maandishi ya kilichokuwa ndani ya kasha.

Kasha la chai likishafika Uingereza na kumwagwa, lilikuwa halina mwenyewe. Watu walihamishia vyombo ndani yake. Vijana wa bendi za miaka ya 1950 waliligeuza, wakaweka fimbo na kamba, likawa gitaa la besi. Bendi ya kwanza ya John Lennon, The Quarrymen, ilikuwa nalo moja. Na wale wenye misumeno myembamba walilifumua wakapata plaiwudi ya bure. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba rafu ya nyanya wa mtu kule Leeds ilianza maisha ikiwa imejaa majani ya milima hii.

Milima hii yenyewe haikutolewa bure. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis hapa Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani. Bei ya kitani ilianguka, mradi ukafa mapema miaka ya 1920, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ilienda kwa kampuni za chai, Brooke Bond na tawi la James Finlay, zilizoingia katikati ya muongo huo. Mwaka wa 1934 ikapitishwa sheria maalum ya kuwaondoa Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, wakapelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria. Nimesoma mengi kuhusu gundi, na bado sijaona aliyebanduliwa kwa utaratibu huo akaacha pahali pake bila alama.

Kwenye kila kasha kulikuwa na maandishi: jina la shamba, daraja la chai, namba, uzito. Yalipigwa kwa stensili, kibao chembamba chenye herufi zilizokatwa, unakishika juu ya plaiwudi na kupaka wino mweusi kwa brashi. Stensili ni ndugu wa karatasi ya mchoro, ila imeepuka gundi: inabandikwa kwa mkono na kubanduliwa papo hapo. Aliyeishika alikuwa mfanyakazi, na jina lililobaki ubaoni lilikuwa la shamba. Baadaye makasha yakaacha kutumika, yakaja magunia ya karatasi ya tabaka kadhaa, mepesi na rahisi zaidi. Ukienda leo kwenye ghala Mombasa, ambako mnada wa chai ulihamia kutoka Nairobi mwaka wa 1969, utakuta karatasi imemshinda plaiwudi kabisa.

Huko pwani kuna mlango mwingine wa stori hii. Kule Unguja lipo jengo lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi, wengi wanaliita Zahanati ya Zamani. Tajiri wa Kihindi Tharia Topan aliagiza lijengwe, jiwe la msingi likawekwa 1887, likakamilika 1894, yeye akiwa ameshafariki. Mji wa Kale wa Mombasa una roshani za jamii hiyo pia. Hiyo ni tofauti na nakshi ya milango ya Waswahili, inayochimbwa kwa patasi na kuachwa na kina. Roshani hizi zimekatwa ubao mzima ukapenya mwanga. Na kwa pindo refu la roshani hubandiki karatasi mita baada ya mita. Unakata kiolezo kimoja cha mbao nyembamba au bati, unakizungushia penseli, unasogeza, unazungushia tena. Kiolezo hakibanduliwi, kinatundikwa msumarini kikisubiri nyumba inayofuata.

Ufundi wa Kihindi ulipanda bara kwa reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896 na kufika Kisumu mwishoni mwa 1901, kwa mikono ya Wahindi zaidi ya 30,000 ambao karibu 2,500 walikufa kazini. Kati ya waliobaki Kenya walikuwamo Masingasinga wa ukoo wa mafundi, maseremala na wahunzi. Kericho inawajua. Gurudwara kubwa ya mjini ilijengwa pale palipokuwa na karakana ya Kericho Wagon Works, alipofanya kazi Baba Puran Singh kabla ya kuhamia Uingereza. Watu huja kutoka ng'ambo kuhiji kwenye ardhi iliyokuwa na vumbi la msumeno. Mimi hilo huniburudisha kuliko hekalu lenyewe, na hekalu lenyewe ni zuri.

Sasa hivi mchoro unatoka saiba. Unaupata kwenye simu, unaenda unaprintiwa kwa karatasi za A4, ukiwa mkubwa unaunganisha kurasa kwa selotepu. Halafu Kericho inakukumbusha uko Kericho. Mvua hapa inanyesha karibu kila alasiri, na uji wa ngano uliopakwa asubuhi unaweza kuwa bado mbichi jioni, karatasi imejikunja kama chapati iliyosahaulika. Ndiyo maana mafundi wengi wanapaka kwanza mkanda wa karatasi, ule wa wapiga rangi, juu ya mbao yote, halafu wanabandika mchoro juu ya mkanda. Gundi haigusi mbao. Ukimaliza unavua mkanda na kila kitu kinatoka kama soksi. Wengine huongeza selotepu pana juu ya mchoro, inasaidia wembe usiunguze mbao ngumu kwenye kona.

Ukitumia gundi ya kupuliza moja kwa moja, unabandua kwa joto la mashine ya kukausha nywele, au unalowesha karatasi kwa tarpentaini, unangoja, unaivuta polepole. Thina kali nayo inaachisha, lakini angalia: mchoro wa printa ya leza ukilowa thina, wino unaweza kuhamia kwenye mbao, na hapo umepiga stensili bila kukusudia. Fungua dirisha. Usiwashe jiko karibu.

Nilimuuliza mzee mmoja anayekata mabango ya shule na makanisa kwa nini hatumii thina.

"Kijana wangu," akasema, "thina ni pesa. Msasa ni jasho. Jasho ninalo."

Nikamuuliza kuhusu mashine za leza zinazokata kwa kompyuta, zisizohitaji karatasi wala gundi. Swali hilo si dogo katika mji huu. Mei 2023 mashine za kuchuna chai zilichomwa moto mashambani na watu waliosema zimewamalizia kazi. Mzee hakuitetea mashine wala hakuilaani. Alisema tu kwamba mteja akileta jina la mtoto wake limeandikwa na mkono wa marehemu babake, kwenye ukurasa wa daftari, anataka herufi zilezile, na huyo anakuja kwake.

"Na ule ukurasa, mzee? Unaubandika?"

"Aah! Ule siugusi na gundi. Nauprinti mwingine, nabandika huo. Ule wenyewe namrudishia kabla sijawasha mashine."